Mlingoti wa Mkaidi

Don Nicandro Alvizo aliteremka kwenye gari la maziwa pale njia panda ya El Salobre akiwa na njaa ya kuuma na furaha ambayo hakutaka mtu aione. Ilikuwa sikukuu ya mtakatifu somo wake. Tangu asubuhi alikuwa mjini kwa misa, amevaa kofia mpya, na kanisani hakuomba afya wala mvua kama watu wengine. Aliomba jambo moja tu: Mkaidi aachwe salama mpaka mbegu zake zikomae. Kisha akawasha mshumaa, akatoka, akanunua kahawa na kurudi nyumbani.

Mkaidi hakuwa mtu, ingawa El Salobre nzima ilimtaja kama mtu. Alikuwa noa, mkonge mdogo wa milimani usiozidi ukubwa wa kabichi, majani yake mafupi na manene, yamebanana, kila moja limechorwa mistari myeupe kama ya chokaa. Noa haina akili ya mimea mingine. Udongo mzuri haiutaki. Huota kwenye nyufa za jabali, ubavuni mwa korongo, mahali ambapo hata mbuzi husita, na hukaa hapo miaka na miaka bila kumwomba mtu maji wala samahani. Halafu mwaka mmoja, mmoja tu katika maisha yake yote, husimamisha mlingoti mrefu kuliko mtu. Mlingoti hujaa maua kuanzia chini kwenda juu, huzaa mbegu, na noa yenyewe hufa. Hizi za korongo letu hazichipui pembeni kama mikonge mingine. Ikifa bila mbegu, imekwisha.

Wakati Nicandro anaoa, ukuta mzima wa korongo ulikuwa umejaa noa, na Eulalia mkewe alikuwa akisema ukuta una macho, unawatazama watu wakipita na mbuzi. Kisha wakaja wanaume wenye kamba na malori ya turubai. Wakaning'inia kutoka juu, wakazing'oa moja moja, wakazipeleka kwenye bustani za watu wa mbali wasiojua hata korongo liko upande gani. El Salobre ilibaki imeduwaa. Walipopata akili ya kupiga kelele, ukuta ulikuwa umeshapofuka. Ilisalia noa moja, chini ya jabali lililochomoza kama paji la uso, ambapo kamba zote zilibembea hewani bila kuifikia, na njia nyembamba ya mbuzi hakuna aliyethubutu kuipita. Hiyo ndiyo Eulalia aliyoipa jina la Mkaidi.

Jina lilimkaa vizuri. Ukaja mwaka wa ile baridi ambayo watu wa huku bado wanaitaja kwa kushusha sauti. Jalidi ilishuka usiku, na kulipokucha mabomba yalikuwa yamepasuka, mipungate imelainika kama uji, mbuzi wa majirani wamekutwa wamekauka wakiwa wamesimama. Eulalia alikuwa tayari mgonjwa. Akalazimisha afungwe mablanketi, apelekwe kwenye lile jiwe la upande wa pili wa korongo akamwone Mkaidi. Nicandro akambeba mgongoni huku akinung'unika njia nzima. Wakamkuta Mkaidi ana barafu katikati ya majani, barafu ngumu. Jua lilipopanda, barafu ikadondoka tone kwa tone, na yeye akabaki vilevile, kama aliyenawa uso tu.

“Siku akizaa,” Eulalia alisema, “mbegu zirudishe ukutani, Nicandro. Nataka korongo lione tena.”

“Sawa.”

“Sawa ya kweli, siyo ile sawa yako ya kila siku.”

“Sawa ya kweli.”

Kabla ya baridi nyingine kuingia, Eulalia alikuwa kaburini.

Ahadi hiyo Nicandro hakumwambia mtu. Angeanzia wapi? Mwanamume mzima, mkwanguaji wa katani mwenye viganja vigumu kama gome, aseme ana ahadi na marehemu kuhusu mmea? Wangemcheka mpaka kisimani. Kwa hiyo alifunga mdomo. Nyuma ya banda, chini ya matita ya mkonge mwitu ambao yeye na kijiji kizima hukwangua nyuzi zake za kutengenezea kamba na brashi, alificha makopo yenye changarawe aliyoichekecha kwa mkono wake. Na mlingoti ulipochomoza mwaka huu, kila alasiri alichukua darubini yake kuukuu akaenda kukaa kwenye jiwe la Eulalia. Alirudi na uso wa mtu aliyetoka kuzika. Binti yake Delfina akimuuliza kuna nini, alijibu neno moja tu: “Anakufa.” Na ilikuwa kweli. Nusu ya pili ya ukweli huo aliimeza.

Siku hiyo aliikuta nyumba inanukia vitunguu na majivu ya moto. Meza ilikuwa nje, chini ya kivuli cha mabati, na compadre wake Toribio, baba wa ubatizo wa Delfina, alikuwa ameshakaa kabla hata mwenye sikukuu hajafika.

“Kofia mpya, compadre,” alisema Toribio. “Umemwibia padri?”

“Nimeinunua ya kukuzikia wewe.”

“Basi itachakaa ukiwa umeivaa.”

Wenceslao, mume wa Delfina, alicheka kuliko ilivyohitajika. Huyu ndiye alikuwa mwiba wa Nicandro. Alitoka Tlaxcala, mbali kusini, nchi ya mikonge mikubwa kuliko ng'ombe, ambako watu huikamua maji matamu na kuyachachusha yakawa pombe nyeupe. Delfina alimpata kiwandani Saltillo, na kiwanda kilipowapunguza wafanyakazi wakarudi wote wawili kuishi na mzee. Wenceslao alikuwa na domo refu na moyo mzuri, lakini hakuweza kukwangua jani moja la mkonge mwitu bila kujikata, na mahali pa juu palimtisha. Akipanda kiti kubadilisha taa, alishika ukuta na kufumba macho. Nicandro hakuwahi kumwita jina. Alimwita Mtu wa Kusini, na siku za hasira hakumwita kabisa.

“Mikono ina nini?” Nicandro aliuliza, maana viganja vya mkwe wake vilikuwa vimefungwa vitambaa.

“Miiba tu, don Nicandro.”

“Ya mto wa kulalia?”

Toribio aliangua kicheko. Siku nyingine Wenceslao angenuna. Leo alitabasamu na kumtazama mkewe, na Delfina naye akatabasamu akiwa ameinamia chungu. Wana lao jambo hawa, Nicandro aliwaza. Pengine ni mtoto. Wazo hilo lilimfanya avue kofia na kukaa vizuri.

Delfina alileta mayai ya kukaanga yaliyochanganywa na maua, vitunguu na pilipili ndogo za porini, pamoja na tortilla za ngano, nyembamba kama chapati, zikitoa moshi. Ni chakula ambacho Eulalia alikuwa akikipika kila majira ya maua ya miyuka, ile miti ya jangwani yenye majani kama visu. Nicandro alikata kipande cha tortilla, akachota, akala. Maua yalikuwa mororo, hayana ule uchungu uliozoeleka, yana utamu mwembamba uliobaki kooni. Akachota tena. Akamaliza sahani, akaisukuma mbele ijazwe.

“Umemshinda mama yako,” alisema, na kwa mtu wa namna yake hilo lilikuwa jambo kubwa. “Hayana uchungu hata kidogo.”

“Kula, baba.”

“Lakini maua ya miyuka mwezi huu? Si yalikwisha zamani?”

“Kula kwanza. Maswali baadaye.”

“Mimi nilidhani ulikausha,” Toribio alisema huku mdomo umejaa. “Haya mabichi kabisa. Nyie mmeyatoa wapi?”

Wenceslao hakuweza kungoja zaidi. Alisimama na glasi yake ya sotol, pombe kali ya huku ambayo ilikuwa imeshampandisha rangi ya mashavu, akakohoa kama mgombea udiwani.

“Don Nicandro,” alianza, “mimi kwako nimekuwa Mtu wa Kusini tangu siku ya harusi. Jina langu hujalitaja hata siku ile ya kiapo. Sawa, sikulaumu. Katani siwezi, mbuzi wananidharau. Lakini mikonge mimi naijua. Babu yangu alikuwa mkamuaji, baba yangu mkamuaji. Kwa hiyo leo, kwa sikukuu yako, nimekuletea zawadi ambayo hakuna mtu wa hapa angeweza kukupa.”

“Fupisha, mayai yanapoa,” alisema Toribio.

“Mkaidi hafi tena.”

Nicandro alikuwa na kipande cha tortilla karibu na mdomo. Kilibaki hapo.

“Nimekwenda asubuhi ulipoondoka,” Wenceslao aliendelea, uso unang'aa. “Kwenye ile njia ya mbuzi inayopita ubavuni chini ya jabali. Mimi, ninayeogopa kiti! Nimetambaa, mikono imechanika, nimesali sala zote ninazozijua na nyingine nimezitunga. Nikamfikia. Nikasimama wima kama mwanamume, nikaukata mlingoti palepale kwenye moyo wake. Kwetu ndivyo tunavyofanya, tunaita kuhasi. Mkonge ukianza kusimamisha mlingoti, unaukata, nguvu zote zinarudi kwa mama. Haui maua, yaani, maua hayamuui tena. Kwetu wanakufa kwa sababu tunawakamua maji yao miezi na miezi. Huyu nani atamkamua? Ataishi, mzee! Utakwenda kumtazama mpaka uchoke mwenyewe.”

“Na maua ilikuwa dhambi kuyatupa,” Delfina akamalizia kwa furaha. “Nikasema basi, ayale mwenyewe.”

Akilini mwa Nicandro hakukuwa na kitu. Aliitazama sahani. Maua yalikuwa yamelala kwenye yai, ya kijani hafifu, yamejikunja kwa mafuta, na alijua sasa kwamba ameyatazama hayahaya kwa darubini wiki nzima. Aliona ajabu kwamba hakuyatambua. Ulimi wake ulikuwa bado na ule utamu. Alitaka kuutema na hakuweza. Ile tortilla ikamwanguka mapajani.

“Baba?” alisema Delfina.

“Mbegu,” alisema Nicandro.

“Mbegu gani?”

Hapo ndipo aliposema, kwa mara ya kwanza, na ikamtoka vibaya, vipande vipande, kama mtu anayesoma maandishi ya mtu mwingine. Kwamba mama yake Delfina aliomba mbegu. Kwamba alimbeba mgongoni siku ya jalidi na yeye akasema sawa ya kweli. Kwamba makopo yako tayari nyuma ya banda. Kwamba noa akishatoa mlingoti anakufa tu, ukate usikate, na kilichokuwa kinangojewa si yeye, ni watoto wake, na ukuta mzima, na Eulalia.

Toribio aliirudisha tortilla yake mezani taratibu, akaifunika kwa kitambaa kama anayefunika maiti. Wenceslao alikuwa bado amesimama na glasi juu, amesahau kwamba ana mkono. Damu ilikuwa imemtoka usoni yote.

“Mama aliomba?” Delfina aliuliza kwa sauti ndogo. “Mama yangu?”

“Ndiyo.”

“Na hukuniambia?” Sauti ikaanza kupanda. “Baba, kila siku unarudi na uso wa msiba, anakufa, anakufa. Usiku nakusikia unageuka kitandani. Mimi ndiye niliyemwambia Wences, jamani fanya kitu, baba atamfuata yule mkonge kaburini. Mimi ndiye niliyemtuma! Tulidhani unalia kwa sababu anakufa. Neno moja ungesema. Moja!”

Maneno hayo yalimchoma Nicandro kuliko maua. Alikuwa amekuja mezani akiwa na mtu wa kumlaumu, amesimama palepale na glasi yake, na sasa lawama imegeuka imemkalia yeye mwenyewe mapajani pamoja na ile tortilla. Mdomo wake, ambao aliona ni busara kuufunga, ndio uliomaliza kazi ambayo kamba na malori na jalidi vilishindwa.

Kisha akakumbuka kitu, na akainuka kwa nguvu hata kiti kikaanguka. Miaka mingi nyuma marehemu baba yake alikata milingoti ya mkonge mkubwa, ikiwa imeshafunga vitumba vya mbegu, akaitumia kuziba ua wa mbuzi. Vitumba vile vilikomaa vikiwa pale uani, juu ya mti uliokatwa, vikamwaga mbegu nyeusi. Mlingoti wa mkonge ukikatwa haufi siku hiyo. Una akiba yake tumboni.

“Mlingoti uko wapi?”

Delfina alirudi nyuma hatua moja.

“Mlingoti, mwanangu! Ule mti wenyewe, uko wapi?”

Macho ya Delfina yalikwenda taratibu kwenye kona ya ua, kwenye shimo la moto lililofunikwa majivu na mawe. Nicandro aliyafuata. Harufu ile aliyoisikia wakati anafika, tamu, ya majivu, akaielewa sasa. Ilikuwa sikukuu. Na kwenye sikukuu, mlingoti mchanga hukatwa vipande, huokwa taratibu chini ya majivu, na jioni watu huutafuna kama muwa wakipiga soga.

“Ni wa jioni,” Delfina alinong'ona. “Nilijua unaupenda.”

Alikwenda mbio, mzee yule, kama kijana anayekimbia nyuki. Alipiga mawe teke, akafukua majivu kwa mikono mitupu. Toribio alimfuata na koleo akipiga kelele, “Utaungua, compadre, ngoja, utaungua,” na Nicandro akaungua kweli na hakungoja. Vipande vilitoka kimoja kimoja, vya kahawia, vinavuja asali, vinanukia vizuri kiasi cha kumtia mtu aibu. Alivishika. Vilikuwa laini kama ndizi iliyoiva sana. Alipiga magoti kwenye majivu na kofia yake mpya ikaanguka humo, na akaitoa sauti ambayo hakuitoa hata kwenye mazishi ya Eulalia. Nina hakika, maana mimi nilikuwepo kwenye mazishi.

Wenceslao alikaribia hatua mbili, akasimama. “Don Nicandro,” alisema. “Don Nicandro, niue tu.”

“Nyamaza.”

“Kweli, mzee. Chukua hilo koleo.”

“Nimesema nyamaza.”

Sauti ya Nicandro ilikuwa imebadilika. Alikuwa anavipanga vile vipande chini, kimoja mbele ya kingine, toka chembamba kwenda kinene, akikigeuza kila kimoja na kupitisha kidole juu yake. Toribio alimtazama Delfina na kujigusa kichwa, kwa maana ya kwamba mwenzetu ameshaondoka. Nicandro aliendelea. Alifika kwenye kipande kinene kuliko vyote, akakigeuza, akakigeuza tena. Hata hicho kilikuwa kimejaa makovu ya maua pande zote, na unene wake haukufika kifundo cha mkono wa mtoto.

“Cha chini kiko wapi?”

“Cha chini kipi?” Delfina aliuliza.

“Shina. Mlingoti wa noa chini hauna maua, ni mtupu, mnene kama mkono wangu huu. Juu yake ndipo maua yanapoanza, na yale ya kwanza kabisa yalishafunga vitumba wiki iliyopita. Niliviona kwa macho yangu. Hapa sioni kitumba hata kimoja. Delfina, ulikata ukatupa?”

“Sijatupa kitu, baba. Hivyo ndivyo alivyoleta.”

Wote wakamgeukia Wenceslao.

“Ulisema umekata kwenye moyo,” alisema Nicandro, bado amepiga magoti.

“Ndiyo. Kwenye moyo.”

“Ukiwa umesimama wima.”

Wenceslao alikaza vitambaa vya viganja vyake. Mtu huyu muda mfupi uliopita alikuwa ameomba auawe kwa koleo, na ungedhani baada ya hapo hakuna kinachoweza kumtisha. Lakini kuna aibu nyingine mwanamume huziogopa kuliko koleo. Aliwatazama mkewe, Toribio, ardhi.

“Sikusimama,” alisema.

“Nini?”

“Sikusimama wima. Nilikuwa nimelala kifudifudi.” Maneno yalimtoka sasa yote kwa pamoja. “Ile njia ya mbuzi haifiki alipo, inapita juu yake. Ukichungulia unaona majani yake kule chini, na chini yake tena hakuna kitu, ni hewa tu, hewa mpaka kwenye mawe. Mlingoti unapanda unapita pembeni mwa njia. Nilitaka kushuka, naapa nilitaka. Miguu ilikataa. Nikalala, nikafumba macho, nikanyoosha mkono na panga, nikapiga. Nikapiga hewa. Nikapiga tena. Palipokatika ndipo palipokatika. Nikasikia umeanguka bondeni, nikarudi kinyumenyume mpaka mwisho wa njia, nikashuka kuuokota. Sijui nimekata wapi, don Nicandro. Sikutazama hata mara moja. Nilikojoa suruali.”

Hakuna aliyecheka, hata Toribio, na hiyo ni habari ya kuandikwa.

Nicandro aliinuka, akaichukua darubini kwenye msumari wake, akashika njia ya korongo bila kumwita mtu. Walimfuata wote, kwa umbali, kama watu wanaofuata jeneza la mtu wasiyemjua vizuri. Jua lilikuwa bado lipo juu na mawe yalichoma kupitia soli. Alipofika kwenye jiwe la Eulalia hakukaa. Aliinua darubini, na ukuta mzima ukawa unarukaruka machoni pake. Ilibidi Toribio amshike viwiko.

Aliona kwanza pale ambapo mlingoti haukuwepo, na ingawa alijua, alishtuka upya. Kwa wiki nyingi jicho lake lilizoea kuuona ule mti mwembamba ukipanda dhidi ya jabali. Sasa jabali lilikuwa tupu. Aliteremsha darubini kidogo kidogo, akiogopa.

Mkaidi alikuwepo. Majani yake ya nje yalikuwa yameshaanza kuwa mekundu, ule wekundu wa kuaga ambao panga halirudishi. Na kutoka katikati yake ulisimama mti mnene, umekatwa kishamba, umechanika juu kama uliotafunwa na punda. Ulikuwa na urefu wa mkono wa mtu, labda na zaidi kidogo. Karibu na juu, upande wa kivuli, pale maua ya kwanza yalipoanzia, vitumba vilikuwa vimeshikilia. Vya kijani, vidogo kama njugu. Havikuwa vingi. Nyuki mmoja alikuwa anazungukazunguka penye jeraha akinywa maji yaliyovuja.

Nicandro aliishusha darubini. Akakaa kwenye jiwe. Alikuwa analia, na safari hii hakuuficha uso.

“Vipo?” Delfina aliuliza.

“Vipo.”

“Vitakomaa?”

“Sijui. Vina akiba ya mti. Mvua ya mawe isipokuja. Yule naye asipochoka kabla.” Akapangusa pua kwa mkono wenye majivu. “Angesimama wima kama mwanamume, kusingekuwa na kitu pale. Angekata kwenye moyo kama alivyojisifu, tungekuwa tumekula ukuta wote na mayai.”

Alihisi kitu kwenye jino la nyuma, akakitoa kwa ulimi. Kilikuwa kipande cha ua. Alikishika kwenye kidole, akakitazama. Hakukitema. Alikizika chini ya jiwe, na Delfina akakaa karibu naye na kuweka mkono wake juu ya pale alipozika.

Wenceslao alikuwa amesimama nyuma kabisa, mbali na ukingo, ameshika mti mkavu kwa mikono miwili.

“Wenceslao,” aliita Nicandro.

Mkwe hakuitika. Hakuwa amezoea kuitwa hivyo na sauti hiyo, na alidhani anaitwa mtu mwingine.

“Wenceslao, njoo hapa.”

Alikuja, nusu anatembea nusu anatambaa, akakaa kwenye jiwe huku amelipa korongo mgongo. Nicandro alimpa darubini, akamshika bega na kumgeuza taratibu kuelekea ukutani.

“Tazama. Umeviona?”

“Nimeviona.”

“Mwezi wa kumi vikipasuka, mtu atatakiwa kushuka na mfuko. Mimi magoti yamekwisha. Toribio ataishika kamba.” Toribio aliguna lakini hakubisha. “Njia ile umeipita wewe peke yako.”

Darubini iliteremka kutoka usoni mwa Wenceslao, na midomo yake ilikuwa myeupe kuliko ilivyokuwa mezani.

“Don Nicandro,” alisema. “Mzee wangu. Mimi?”

“Wewe. Na safari hii ufumbue macho.”